Meza ya Shamba na Jina la Fundi



Huku Virginia na Maryland fenicha za mtindo wa shamba zina soko kweli kweli: meza ya mbao nene za msonobari, miguu minne mizito, alama za randa zinaachwa makusudi zionekane. Wengine wanajiundia wenyewe nyumbani, wengine wananunua kwa bei ya kutisha. Sina ugomvi nao. Hata mimi benchi la kibarazani kwangu nimelichonga kwa msumeno na patasi, na mgongo ukaniuma. Ninachouliza ni hiki: katika mashamba yenyewe ya zamani huku, useremala ulikuwa mikononi mwa nani?

Hebu twende Mount Vernon, shamba la George Washington, kando ya mto Potomac, kusini kidogo ya mji mkuu wa Marekani. Mwaka 1799 Washington aliorodhesha watumwa wa pale, watu 317. Kati yao wamo maseremala: Isaac, James, Davy na Sambo. Maseremala wa shamba lile ndio waliokuwa wakitengeneza mageti, mikokoteni na plau, na ndio walioinua jengo la pande 16 la kupuria ngano, kati ya 1792 na 1795.

Majina haya tunayo kwa sababu gani? Sio kwa heshima. Washington alidai taarifa ya kazi kila wiki: nani kafanya nini, kwa siku ngapi. Mwaka 1792 karakana ya useremala iliungua, na katika barua Washington akamlaumu Isaac kwa uzembe, akitaja vilivyoteketea: jengo, zana na mbao zilizokwisha kukauka. Aliyewahi kusubiri mbao zikauke anaijua hasara hiyo. Lakini tazameni: jina la fundi linajitokeza zaidi pale anapotafutwa wa kulaumiwa.

Washington alifariki Desemba 1799, na tarehe 1 Januari 1801 watumwa aliowamiliki yeye wakaachwa huru. Isaac alikuwemo. Mkewe Kitty na binti zao hawakuwemo, maana wao walihesabiwa katika mirathi ya mume wa kwanza wa Bi. Martha Washington. Sambo naye, mzaliwa wa Afrika, alitoka huru akaacha familia utumwani. Baadaye akawakomboa baadhi yao kwa fedha zake. Hii ndiyo historia ya shamba, ambayo haionekani ukiitazama meza dukani.

Sasa tujitazame na sisi. Mwaka 2018 makumbusho ya taifa ya sanaa za Kiafrika, hapo hapo Washington, yalipokea maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili na Bahari ya Hindi, na viti vya enzi vikiwemo. Kiti kile ni kazi ya hali ya juu: mbao nyeusi, nakshi za pembe, kamba zilizosukwa, vipande vinavyoungwa na kuunguliwa. Tunajua kilikaliwa na mwenye cheo, bwana harusi au mgeni wa heshima. Nani alikiunda? Kwa kawaida kibao cha maelezo kinasema tu "msanii Mswahili". Kwetu kiti kinakumbuka makalio, hakikumbuki mikono.

Basi ajabu ni hii: daftari la mmiliki wa watumwa limehifadhi jina la Isaac, na sisi tuliojivunia ustaarabu wa pwani tumewaacha mafundi wetu wapotee bila jina. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika kwa kazi za mbao na ngozi. Ni wangapi kati yetu tunaweza kutaja mafundi wake watatu?

Wazee wenye kumbukumbu wangali hai, Lamu, Unguja, Mombasa, na wengine tunao humu humu Marekani. Anayempigia simu mjomba au bibi wiki hii, amuulize: mlango wa nyumba ya kwao, kile kitanda cha samadari, ni kazi ya fundi nani, mwana wa nani, wa mtaa gani? Aandike. Tusisubiri moto ndipo tukumbuke jina.

Wasalaam.