Ekzosi iliyoliwa na kutu: Kipi kizibwe nyumbani, kipi kiachiwe fundi

KWA mwenye gari wa Chiwanda, kata iliyo mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, ekzosi inayotoboka ni zaidi ya kero ya kelele. Kutoka Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, hadi Mbinga mjini ni takriban kilomita 66 za kupanda milima. Lami imeirahisisha safari hiyo, lakini kuifuata sailensa mpya bado ni kazi ya siku na fedha. Ndiyo maana wengi huamua kuliziba tundu wenyewe, nyumbani.

Uamuzi huo si mbaya, mradi mwenye gari ajue mpaka wake. Tundu lililo nyuma ya gari laweza kuzibwa na mtu makini mwenye vifaa vichache. Tundu lililo mbele, chini ya miguu ya dereva na abiria, ni suala la uhai.

Kutu hutoka wapi?

Wapo wanaodhani kuwa magari ya mwambaoni huoza kwa sababu ya ziwa. Maji ya Ziwa Nyasa ni baridi, hayana chumvi ya bahari inayokula mabati ya magari ya Dar es Salaam au Tanga. Adui mkubwa wa ekzosi yumo ndani ya bomba lenyewe.

Kila lita moja ya petroli inayoungua huzalisha takriban lita moja ya maji, ambayo hutoka kama mvuke. Bomba likiwa la moto, mvuke huo hupita na kutoka nje. Likiwa bado la baridi, hugeuka matone, huchanganyika na asidi zitokanazo na moshi na kutuama katika sailensa. Kwa sababu hiyo sehemu ya nyuma, ambayo huchelewa kupata moto, ndiyo huoza kwanza. Gari la safari fupi fupi, la kwenda sokoni na kurudi, huharibika ekzosi upesi kuliko la safari ndefu.

Kwa nje, tope la masika na mawe ya barabara za vumbi humalizia kazi hiyo. Mpira unaoning'iniza bomba ukikatika, uzito wote huegemea kwenye viungio, na mahali palipodhoofishwa na kutu hukatika.

Hatari isiyonuka

Moshi wa gari una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi, harufu wala ladha. Ikiingia mapafuni hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mwili hukosa oksijeni huku mhusika akiendelea kuvuta pumzi kama kawaida.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, ambazo ni rahisi kuzidhania malaria au uchovu wa safari. Abiria aliyelala anaweza asiamke kabisa. Watoto, wajawazito na wagonjwa wa moyo wamo katika hatari kubwa zaidi.

Hatari huongezeka pale gari dogo linapobeba magunia au usipa huku mlango wa nyuma ukiachwa wazi. Gari likienda, upepo huuvuta moshi na kuuingiza ndani. Dalili zikitokea, zima injini, watoe watu wote kwenye hewa safi na wawahishwe hospitali.

Kutambua palipotoboka

Gari likiwa limepoa, chungulia bomba lote kuanzia kwenye injini hadi mwisho. Masizi meusi kandokando ya kiungio au tundu ni ushahidi wa kuvuja. Gonga bomba taratibu kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio uliokufa. Kisha washa injini ikiwa bado ya baridi, gari likiwa uwanjani, na mtu mwingine azibe nusu ya mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache. Mlio wa kufoka utaonyesha mahali.

Maji yanayodondoka mdomoni mwa bomba asubuhi si ubovu. Vilevile sailensa nyingi huwa na kitundu kidogo chini kilichotobolewa kiwandani ili kutoa maji. Kitundu hicho kisizibwe.

Kabla ya kuingia chini ya gari

Ekzosi hubaki ya moto muda mrefu, hivyo subiri saa moja au zaidi. Egesha mahali tambarare na pagumu, vuta breki ya mkono, weka gia na uzuie magurudumu kwa mawe. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Asiingie mtu chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Tumia stendi za chuma au magogo mapana na imara. Tofali la saruji halifai, kwani hupasuka ghafla. Vaa miwani, maana chembe za kutu huanguka moja kwa moja machoni.

Kuziba tundu dogo

Sugua eneo lote kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa, hadi chuma king'ae. Chuma kikimeguka wakati wa kusugua, endelea hadi kifikiwe kilicho kizima. Tundu likizidi kukua hadi kuzunguka nusu ya bomba, kiraka hakitadumu.

Paka gundi maalumu ya ekzosi inayostahimili moto. Kata bati la kopo, likunje kuzunguka bomba hadi lipite tundu kwa angalau sentimeta tano kila upande, kisha libane kwa klampu mbili za chuma. Iache gundi ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo lake, halafu washa injini kwa dakika chache ili moto uikaushe zaidi. Baada ya siku moja au mbili za safari, kaza klampu upya, kwa kuwa joto huzilegeza.

Gundi ya kawaida, mpira, plastiki na vitambaa havifai kuziba. Huungua, hutoa moshi wa sumu na vyaweza kuwasha moto chini ya gari.

Bomba lililokatika

Bomba lililokatika huunganishwa kwa kipande cha bomba pana kidogo kinachovikwa juu ya ncha zote mbili, kila ncha ikiingia angalau sentimeta tano, kisha kubanwa kwa klampu. Nati zilizoganda hulowekwa mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha. Zikikataa, zikatwe kwa msumeno wa chuma. Zisichomwe moto chini ya gari, karibu na tangi la mafuta.

Mpira wa kuning'inizia ukikatika, ukanda wa mpira wa tairi waweza kusaidia kwa muda kwenye sehemu ya nyuma isiyo ya moto mkali. Waya mgumu ukitumiwa kwa muda mrefu hulinyima bomba nafasi ya kucheza pamoja na injini, na hulivunja mahali pengine.

Kazi ya fundi

Kuchomelea ni kazi ya fundi. Bomba lishushwe kwanza. Ikilazimu kuchomelea likiwa garini, waya za betri zifunguliwe ili kulinda vifaa vya umeme, na tangi la mafuta likingwe na cheche. Bati la kuezekea lisichomelewe kamwe likiwa na rangi yake ya zinki, kwani moshi wake huleta homa na kubana kifua.

Fundi pia ndiye wa kushughulikia uvujaji wa kwenye injini, bomba linalopinda lenye nyuzi za chuma, na kisafisha moshi, ambacho wengi hukiita masega. Tundu lolote lililo chini ya viti nalo lihesabiwe kuwa lake. Likizibwa njiani, kiraka hicho ni cha kulifikisha gari gereji, likiwa na madirisha wazi na abiria wachache iwezekanavyo.

Baada ya matengenezo

Rudia kipimo cha kitambaa. Ndani ya gari kusisikike harufu ya moshi hata kidogo, kwa kuwa penye harufu ya moshi, hewa isiyonuka nayo ipo. Injini isiachwe ikiunguruma ndani ya banda, hata kama mlango u wazi.

Ili ekzosi mpya idumu, safari fupi zichanganywe na ndefu za kutosha kulikausha bomba, tope lioshwe baada ya mvua, na mipira ikaguliwe kila oili inapobadilishwa. Gharama ya mpira mmoja ni ndogo mno ikilinganishwa na ya ekzosi nzima, sembuse uhai wa abiria.