Kihamba cha Uchagani: Ardhi ya Wanaume, Jasho la Wake Zao

Kihamba ni makazi ya ukoo wa Kichagga: nyumba, migomba, mikahawa, zizi na makaburi ya wazee, vyote katika eneo ambalo kwa kawaida halifiki hekta moja. Vihamba vimetanda kwenye miteremko ya Kilimanjaro, takriban mita 900 hadi 1,900 juu ya usawa wa bahari, vikipata maji ya mifereji ya jadi iitwayo mifongo, ambayo mingi ilichimbwa kabla Wajerumani hawajafika. Kila Desemba barabara ya Dar es Salaam kwenda Moshi hufurika watu wanaorudi huko, na mwaka 2019 treni ya abiria ya njia hiyo ilirejeshwa mwezi huohuo. Miongoni mwa wasafiri hao wamo wake waliozaliwa mikoa mingine, wanaopelekwa kwa mara ya kwanza kuoneshwa nyumbani kwa waume zao. Mbuzi huchinjwa, nyama ikagawanywa kwa kufuata ukubwa na nafasi ya kila mtu katika ukoo, pombe ya mbege ikazunguka. Januari ikifika, nyumba nyingi hufungwa na funguo kuachiwa jirani.

Mtaalamu wa anthropolojia Sally Falk Moore, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu sheria za kimila za Kilimanjaro, alionesha jinsi kihamba kilivyorithishwa na kugombaniwa. Ardhi ilitoka kwa baba kwenda kwa wana wa kiume. Mtoto wa mwisho alibaki kwenye nyumba ya wazazi, kifungua mimba akatafutiwa kihamba chake, na wa katikati mara nyingi walijitegemea. Mipaka ilipandwa masale, mmea ambao pia hupelekwa kuombea msamaha. Binti aliolewa akaenda kulima kwa wengine.

Hapo ndipo penye jambo ambalo sifa za kihamba hulisahau. Ardhi ilihesabiwa kwa majina ya wanaume, ila aliyeishika siku kwa siku alikuwa mwanamke aliyetoka ukoo mwingine. Mume mwenye wake wawili alimpa kila mmoja nyumba na migomba yake. Mke ndiye aliyekata majani ya ng'ombe, akapeleka samadi mashinani, akauza ndizi sokoni na kuteremka tambarare kulima nafaka.

Vita vya Wamangi, yaani watawala wa Wachagga, na kunyongwa kwa Mangi Meli na Wajerumani mwaka 1900 ni habari zinazojulikana. Kilichobadili kihamba zaidi ni kahawa, iliyoletwa na wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ofisa wa Kiingereza Charles Dundas aliwahimiza Wachagga waipande chini ya kivuli cha migomba. Walowezi wa Kizungu wakaja juu. Walidai kwamba miti ya Waafrika ingeeneza magonjwa na kwamba wezi wangepata pa kufichia kahawa ya mashamba makubwa. Sababu ya tatu, ambayo pengine ndiyo ya kweli, ni kwamba mtu mwenye kahawa yake asingekwenda kuchuma ya mlowezi. Wachagga wakajibu mwaka 1925 kwa kuunda chama chao cha wakulima, Joseph Merinyo akiwa rais wake. Chama kilinunua dawa, kikatafuta soko na kuitetea haki ya kulima. Serikali haikupendezwa na sauti hiyo, na mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na chama cha ushirika cha KNCU (Kilimanjaro Native Co-operative Union), chini ya meneja Mzungu. Amri ya kuuza kahawa yote kupitia ushirika, wakati bei zikiwa chini, iliwaudhi wengi. Mwaka 1937 maghala ya ushirika yalishambuliwa, na baadhi ya viongozi wa upinzani wakahamishwa kwa nguvu. Ushirika huo uliozaliwa katika ugomvi ndio baadaye uliokuja kuitwa fahari ya mkoa.

Kahawa ilikuwa zao la baba, na fedha zake zililipa ada za shule. Shule nazo ziliwatoa vijana mlimani, wakawa makarani, walimu na wafanyabiashara kila kona ya nchi. Kihamba kilikuwa kimeshagawanywa mno kiasi kwamba kisingewatosha hata kama wangebaki. Kwa muda mrefu mume aliondoka peke yake na mke akabaki. Siku hizi wake nao wana kazi mijini, kwa hiyo migomba imekosa mtu wa kuisimamia.

Ushirika ulivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa miaka ya 1980. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawa soko la kahawa uliporomoka, bei zikaanguka, na wakulima wengi wakaacha kuhudumia mikahawa.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo wa kihamba wa kijiji cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani. Heshima ni nzuri, japo cheti hakipogoi mgomba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, lakini vikao vingi vya ukoo bado huanza kwa kuhesabu wana wa kiume, hata pale wote wanapoishi mjini na binti ndiye anayewatunza wazazi na kulisha ng'ombe.