Jirani

Neno jirani, ambalo kwa Kiarabu ni wingi nasi watu wa pwani tukalifanya la mtu mmoja, limepewa kazi mpya katika ilimu ya mitandao ya kompyuta, na kwa rai yangu lastahiki kazi hiyo kuliko nodi, jina la kawaida la kompyuta iliyomo mtandaoni.

Kompyuta itakayo kuzitambua nyingine katika mtandao mdogo wa anwani 254, kama wa ofisi moja ya Changamwe, yaweza kupiga hodi kila mlango ikamaliza upesi. Lakini kipande kimoja cha kawaida cha utaratibu wa anwani uitwao IPv6 kina anwani nyingi kiasi kwamba, hata zikibishwa milioni moja kila sekunde, kazi ingechukua zaidi ya miaka 580,000.

Hapo ndipo jirani ahitajiwapo. Mgeni atafutaye nyumba Mtopanga, Kisauni, humuuliza mwenye duka, naye, hata asipoijua nyumba yenyewe, humwelekeza kwa aliye karibu nayo zaidi. Ndivyo Petar Maymounkov na David Mazières walivyoupanga mtindo wao wa Kademlia mwaka 2002: kila kompyuta huhifadhi anwani za majirani wengi na za walio mbali wachache, na kila ulizo hupunguza masafa takriban kwa nusu, hata kati ya kompyuta milioni moja hatua zipatazo 20 hutosha. Na ujirani huo, jambo linipendezalo mno, hupimwa kwa nambari tu: kompyuta ya Likoni yaweza kuwa jirani ya iliyoko Muscat, isijuane kabisa na iliyo ng'ambo ya kivuko.