Hirimu za Dansi katika Mwambao wa Kyela

Mpenzi wa muziki wa zamani huhesabu umri wake kwa bendi zilizovunjika. Na katika nchi ya Kyela, tangu Kasumulu hata Matema, hesabu ya namna hiyo si ngeni, kwa kuwa Wanyakyusa walikuwa wakizeeka kwa hirimu tangu zama ambazo gitaa lilikuwa halijasikika huko. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti katika nchi hiyo baina ya mwaka 1934 na 1938, waliikuta desturi ambayo mfano wake ni adimu duniani: wavulana, wakifika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, waliondoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe, wakaja kuoa humo na kuzeeka pamoja na wenzi wa rika lao, na starehe iliyo bora ikawa ni kuketi na kuzungumza nao, jambo ambalo Wanyakyusa waliliita ukwangala. Mara moja katika kila kizazi ilifanywa sherehe ya ubusoka, ambayo kwayo wazee waliwakabidhi vijana utawala wa nchi, kisha wao wenyewe wakakaa kando.

Muziki wa kigeni uliingia kandokando ya Ziwa Nyasa kwa njia ya vita. Mwezi wa Septemba 1914 Wadachi na Waingereza walipigana Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, na majeshi yao yakaeneza bara ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani, Lamu na Mombasa, kwa kuiga bendi za askari. Vijana wa Nyasa hawakuwa na tarumbeta za shaba. Basi walitoboa vibuyu, wakaziba tundu moja kwa utando wa buibui, wakaimba ndani yake hata sauti ikatoka yenye mtetemo kama wa shaba. Ngoma hiyo ikaitwa malipenga, na huko Mbamba Bay ikajulikana kwa jina la mganda. Wachezaji wake huvaa kaptura nyeupe na soksi ndefu, hujipanga safu kama kikosi, na hupeana vyeo vya kijeshi kwa taadhima kubwa isiyokosa mzaha ndani yake. Anayedhani kwamba kuiga ni ufukara wa akili, na akitazame kibuyu kile.

Baadaye wanaume wa Kyela walikwenda kutafuta mshahara katika dhahabu ya Lupa, shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na migodi ya Afrika Kusini. Nao waliporudi walirudi na masikio mapya. Redio ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na kwa kuwa nchi yetu haikuwa na kiwanda cha santuri, bendi za dansi za Tanzania zilirekodiwa zaidi katika studio za Radio Tanzania, au zikasafiri mpaka Nairobi. Kwa hiyo mtu wa Ipinda au Mwaya, ambaye ukumbi wenye umeme ulikuwa mbali naye na barabara ya kutelemka kutoka Tukuyu ikimchosha hata msafiri asiye na mzigo wa vipaza sauti, aliwajua wanamuziki kwa sikio miaka mingi pasina kuwaona. Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944, alionekana Osaka, Japani, pamoja na Morogoro Jazz katika maonyesho ya mwaka 1970. Akaunda Super Volcano mwaka 1973. Kisha Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari Mombasa, hajatimiza miaka thelathini na mitano, na wapenzi wake wengi wa kandokando ya Nyasa hawakupata kumtia machoni kamwe.

Waliodumu zaidi ndio tuliobahatika kukutana nao wazee, nasi tu wazee. Muhidin Gurumo, aliyekuwa NUTA Jazz tangu mwaka 1964, kisha Mlimani Park tangu 1978, alipotangaza kustaafu mwaka 2013 ilidhihirika kwamba katika muziki wote huo hakupata kumiliki gari. Ndipo akapewa gari na kijana Diamond Platnumz, mwimbaji wa bongo fleva, muziki ambao sisi wa hirimu ya dansi tumezoea kuubeza. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, Gurumo akafariki. Zawadi ile ya gari ilikuwa ubusoka uliogeuzwa, kijana akimkabidhi mzee, na kwa maoni yangu kijana yule alituzidi adabu, maana sisi tuliipenda sauti kwa nusu karne wala hatukuuliza mwenyewe analipwaje. Sheria ya Hakimiliki iliyoleta COSOTA, taasisi ya hakimiliki, na mirabaha ilipitishwa mwaka 1999, ilhali Mbaraka alikuwa kaburini miaka ishirini, na mwimbaji mwenzake Marijani Rajabu minne.

Basi, msomaji uliye Kyela, ikiwa jirani yako miongoni mwa mashamba ya kakao ni mzee aliyevumisha kibuyu cha malipenga au aliyepiga gitaa la dansi, usimwombe wimbo kwanza. Mwendee na daftari, umwulize jina la bendi, mwaka, nani alipiga solo na nani ridhimu, na yeye alilipwa kiasi gani.