Kinesiofobia: Hofu Inayobaki Goti Likishapona

Makocha wa vijana, mjini Kindu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kwingineko, wanamfahamu mchezaji wa aina hii. Goti limepona, uvimbe umekwisha, mizunguko ya uwanja anaimaliza bila kuchechemea. Lakini mpira ukimjia upande wa mguu uliowahi kuumia, anageuka mzima ili aupige kwa mguu mwingine. Akiruka kupiga kichwa, anatua kwa mguu mmoja. Watazamaji hawakawii kumpa jina: mwoga.

Wataalamu wa maumivu wana jina jingine. Mwaka 1990 watafiti watatu, Kori, Miller na Todd, walichukua maneno ya Kigiriki yenye maana ya mjongeo na hofu, wakayaunga. Kwa matamshi ya Kiswahili istilahi hiyo ni kinesiofobia: hofu iliyopita kiasi ya kuutumia mwili, inayomjia mtu anayejiona yu karibu kuumia au kuumia tena. Kipimo chake kinaitwa cha Tampa na kina kauli 17. Kila kauli hupewa alama 1 hadi 4, na kwa kawaida anayepita 37 huhesabiwa kuwa na hofu kubwa.

Tafsiri ya istilahi hiyo inahitaji uangalifu. “Hofu ya mwendo” ndiyo inayokuja kwanza mdomoni, ila mwendo ni pia kasi, safari na hata tabia ya mtu. Msikilizaji anaweza kudhani anazungumziwa abiria anayeogopa kuvuka mto Lualaba kwa mtumbwi. “Woga” nao haufai, kwa kuwa unaisema tabia ya mtu badala ya hali iliyompata. Mjongeo ni neno lililokwisha kuzoeleka kwa walimu wa ngoma na maigizo, nao hulitumia kwa maana hiyohiyo ya viungo kusogea. “Hofu ya mjongeo” basi inatosha kwenye fomu ya daktari. Kwa mama wa mchezaji inatosha kusema kijana anaogopa kuukanyagia mguu.

Hofu hii hujilisha yenyewe. Maelezo yanayotajwa zaidi ni yale ya Vlaeyen na Linton ya mwaka 2000: mtu akiamini kwamba maumivu ni dalili ya kuharibika zaidi, anaukwepa mjongeo, akiukwepa, misuli inalegea, misuli ikilegea, mjongeo mdogo tu unauma, naye anapata ushahidi kwamba alikuwa na haki ya kuogopa.

Tena hofu yenyewe si ya bure. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba miongoni mwa wanamichezo wa chini ya miaka 25 waliofanyiwa upasuaji wa kano ya mbele ya goti kisha wakarudi mchezoni, karibu 23 kati ya 100 waliikata tena kano hiyo, au ya goti la pili. Uchambuzi mwingine, wa mwaka 2014, ulikuta kwamba baada ya upasuaji huo watu 81 kati ya 100 walirudi kucheza mchezo wa aina fulani, lakini waliorudi kwenye mashindano walikuwa 55 tu. Kwa hiyo kocha anapaswa kutofautisha tahadhari na kinesiofobia. Tahadhari hupungua kadiri mguu unavyopata nguvu. Kinesiofobia hubaki palepale hata mguu ukishapimwa na kuonekana mzima.

Lakini si kila anayeumia goti ana wa kumpima. Mchezaji Yannick Bolasie, aliyeifungia timu ya taifa ya Kongo katika Kombe la Afrika la 2015, aliumia goti akiwa klabu ya Everton tarehe 4 Desemba 2016 na hakurudi uwanjani hadi Desemba ya mwaka uliofuata. Muda wote huo alikuwa na madaktari wa klabu na mshahara. Kijana wa Kindu asiye na klabu kubwa anauguzwa nyumbani, anakandwa kwa maji ya moto, na anajipima mwenyewe siku ya mechi. Wakati huohuo ndoto iko jirani: AS Maniema Union, klabu ya mji wake iliyoanzishwa mwaka 2005, ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024-25 na kukutana na Raja, AS FAR na Mamelodi Sundowns. Anayejijua kwa mpira tu, akikosa mpira hana jibu kwa anayemuuliza yeye ni nani. Ndiyo sababu wengine hurudi mapema wakiwa wameificha hofu, na wengine huacha kabisa.

Tiba inayofuata maelezo ya Vlaeyen haianzi kwa kumwambia mchezaji ajikaze. Anaorodhesha mijongeo anayoiogopa, kutoka ile myepesi hadi ile mizito, kisha anaipitia mmoja mmoja akiwa na mtu wa kumwangalia. Kwa mchezaji wa goti orodha inaweza kuwa hivi: kukimbia moja kwa moja, kukata kona polepole, kuruka na kutua kwa mguu ulioumia, kugombea mpira na mwenzake mmoja, halafu mechi ya mazoezi. Hapandi ngazi kabla ya kuizoea ile aliyopo. Goti likivimba au likilegea njiani, zoezi linasimama na anarudishwa kwa daktari, maana hapo tatizo limetoka kwenye hofu na kurudi kwenye kano.