Watu wa Kujitolea Katika Janga la Homa ya Mafua: Maandalizi Kuanzia Kivukoni na Kariakoo Hadi Shehiani



Boti inayoondoka Dar es Salaam asubuhi, pale upande wa Kivukoni, hufika bandari ya Malindi, Unguja, kwa muda wa kama saa mbili. Mtu aliyeambukizwa homa ya mafua huweza kukaa siku 1 hadi 4 bila ya kuhisi kitu, naye huanza kuambukiza wengine takriban siku moja kabla ya dalili kutokeza. Mfanyabiashara wa Darajani au Chake Chake aliyekwenda Kariakoo kufunga mzigo atarudi nyumbani, atawabusu watoto, ataswali Ijumaa na ndugu zake, na bado anajiona mzima. Kwa hiyo familia za visiwani zina sababu ya kuujua mtaa ule kana kwamba ni mtaa wao.

Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi pale wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza wanakadiriwa kuzidi 90,000, wengi wao kwa maradhi wala si kwa risasi. Vita vilipokuwa vinamalizika, homa ya mafua ya 1918 ikaingia Afrika Mashariki kwa meli, ikafuata reli na njia za askari, ikawakuta watu wamechoka na wana njaa. Duniani kote inakadiriwa iliua watu wapatao milioni 50. Wengi walikuwa vijana wenye nguvu, ambao ndio tunaowategemea kuuguza wengine.

Mwaka 2009 ilikuja homa ya mafua ya H1N1. Shirika la Afya Duniani liliitangaza kuwa janga tarehe 11 Juni 2009, na Tanzania ikapata mgonjwa wake wa kwanza Julai mwaka huo huo. Safari hii Allaah alitupa wepesi. Kisha ikaja korona, iliyotangazwa nchini tarehe 16 Machi 2020. Korona si homa ya mafua, ila njia za kuenea zinafanana, na kila nyumba inakumbuka ilivyokuwa.

Kwa nini watu wa mtaani

Kirusi cha mafua kinapobadilika sana, miili ya watu haikijui, na chanjo mpya huchukua miezi kutengenezwa. Katika miezi hiyo hospitali hujaa. Hapo kazi humwangukia jirani.

Ghorofa lilipoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, miongoni mwa waliotangulia kufukua kifusi ni wafanyabiashara na vijana wa pale pale, wengine kwa mikono mitupu. Allaah awalipe kheri. Ila ushujaa huo huo, wa kukimbilia kwa pamoja mahali penye balaa, ndio unaosambaza mafua. Watu kumi wakiingia chumba cha mgonjwa mmoja, huenda wakatoka na maradhi kwenda nyumba kumi. Kijana wa kujitolea lazima afunzwe kusimama mlangoni, na hilo kwa watu wetu ni zito, kwa sababu tumelelewa kuwa kumtembelea mgonjwa ni haki yake juu yetu. Haki hiyo haijaondoka: mpigie simu, mpelekee uji, muombee du'aa kutoka ukumbini.

Nani achaguliwe, na afanye nini kabla

Asijiandikishe mtu peke yake akaanza kuzunguka. Visiwani njia ni kwa sheha. Dar es Salaam ni kwa serikali ya mtaa, na zote mbili zinaunganishwa na kamati za maafa na kituo cha afya cha karibu. Chama cha Msalaba Mwekundu nacho hufundisha watu wa kujitolea.

Tunapendekeza watu wawili kwa kila nyumba ishirini au thelathini, mwanamme na mwanamke, ili nyumba yenye mwanamke peke yake iendewe na mwanamke mwenziwe. Ustadh wa madrasa anafaa sana kwa kuwa anajua watoto wa kila nyumba. Mwenye pumu, kisukari au mimba asipewe kazi ya kuzunguka kwa wagonjwa. Apewe simu na daftari.

Daftari hilo ndilo kazi kubwa ya sasa, kabla ya janga. Ndani yake iandikwe: mzee gani anaishi peke yake, nani ni mjamzito, mtoto gani ana selimundu, nani anatumia dawa za kila siku na zinamtosha kwa wiki ngapi, nani kibarua asiyeweza kukaa ndani siku tano bila ya watoto kulala na njaa. Mtu huyu wa mwisho husahauliwa. Hamali wa Kariakoo au muuza samaki wa Feri ukimwambia akae ndani bila ya kumpelekea unga na mchele, atatoka, nasi tutakuwa tumechangia. Fungu la sadaka la msikiti litengwe mapema kwa ajili yake. Na yaliyomo daftarini ni amana. Anayeyatoa barazani aondolewe kazini.

Mlangoni kwa mgonjwa

Vaa barakoa inayofunika pua na mdomo, simama mbali kidogo, madirisha yafunguliwe. Osha mikono kwa sabuni kabla na baada, kwa sekunde 20. Mgonjwa alale chumba chake au japo pembe yake, ahudumiwe na mtu mmoja, anywe maji kwa wingi, atumie paracetamol kwa kipimo chake. Mtoto asipewe aspirini, kwani ikikutana na mafua huweza kumdhuru ini na ubongo. Antibiotiki haziui kirusi. Asinunuliwe dukani kwa kubahatisha. Vitasa na meza vifutwe kwa dawa ya klorini: ikiwa ni ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe 34 vya maji.

Si kila homa ni mafua. Aliyetoka bara karibuni apimwe malaria kwanza.

Apelekwe hospitali bila ya kungoja akiwa anapumua kwa tabu, ana maumivu ya kifua, amechanganyikiwa, midomo imegeuka rangi, au mtoto amekataa kunyonya na kunywa. Mjamzito na mtoto mchanga wasingojewe mpaka wafike huko. Dawa za kupambana na kirusi hufaa zaidi zikianza ndani ya siku mbili za mwanzo.

Ama nyungu, tuliiona 2020 watu wakijifukiza wanne chini ya shuka moja. Huko ni kugawana pumzi ya mgonjwa, na watoto huungua.

Masuala ya Dini yanayoulizwa

Je, kujikinga ni kukimbia Qadar? 'Umar (Radhiya Allaahu 'anhu) alipokuwa njiani kwenda Shaam alipata habari za tauni. Akashauriana na Muhajirina, Answaari na wazee wa Kiquraysh, kisha akaamua kurudi. Alipoulizwa kama anakimbia Qadar ya Allaah, akajibu kwamba anatoka kwenye Qadar moja kwenda nyingine. Ndipo 'Abdur-Rahmaan bin 'Awf akaja na Hadiyth, ambayo Al-Bukhaariy na Muslim wameipokea, ya kutoingia mji wenye tauni na kutoukimbia ukiwa ndani yake. Kwa hiyo mwenye dalili asipande boti, ijapokuwa tiketi ameshalipia.

Mgonjwa ana udhuru wa kuacha Ijumaa. Ibn 'Abbaas aliwaamrisha watu waswali majumbani siku ya mvua tu, na madhara ya maradhi ni makubwa zaidi. Kuziba mdomo ndani ya Swalah asili yake ni makruuh, lakini haja huondosha karaha hiyo, basi barakoa haina ubaya.

Na maiti? Kuosha, kukafini, kuswalia na kuzika ni fardhi kifaayah. Haziondoki kwa khofu. Aliyekufa kwa mafua huoshwa na watu wachache waliofunzwa, wenye glavu na barakoa, bila ya kulikandamiza tumbo kwa nguvu, na jamaa wengine wabaki nje. Kila shehia iwe na waoshaji wanaume na wanawake waliokwishazoezwa kabla. Ikiwa wataalamu wa afya wamezuia kuosha kwa dharura ya kweli, atayamamishwe, na hali ikizidi hapo aulizwe Mufti kwa tukio lenyewe.

Wa-Allaahu A'lam.