Na Watu Wako Wapi?

Picha niliyojivunia kuliko zote nilimwonyesha shosho jikoni kwake, hapa Mai Mahiu, akiwa anamenya viazi. Ilikuwa ya maporomoko ya Nyahururu. Maji yanateremka laini kama hariri, mawe yanang'aa, ukungu umetulia pale chini. Nikangoja sifa zangu. Shosho akapangusa mikono kwa leso, akaisogeza simu mbali kidogo na macho, akauliza, "Haya ni maji ama ni maziwa?" Nikacheka. Kisha akauliza la pili: "Na watu wako wapi?"

Ukweli ni kwamba watu walikuwepo. Ilikuwa Jumamosi. Kulikuwa na wanafunzi wa ziara, wapenzi wakijipiga selfi, na wale waliovaa mavazi ya kitamaduni wanaopigwa picha na wageni kwa malipo. Wengine niliwasubiri watoke kwenye fremu. Waliobaki, kamera iliwafuta yenyewe. Nilikuwa nimeiweka kwenye stendi, nikaifunga lenzi kwa filta nyeusi, nikaiacha shata wazi kwa sekunde 30. Ukipita mbele ya kamera kama hiyo bila kusimama, huonekani. Unakuwa kivuli, na mara nyingi hata hicho kivuli hakibaki.

Mimi nilikuwa nasomea historia chuoni hadi karo iliponishinda mwaka wa pili. Swali la shosho lilinirudisha kwenye vitabu bila mtihani wowote. Nilitaka kujua ni nani alituambia picha nzuri ya maji ni ile ambayo maji yamekuwa maziwa na watu hawapo.

Kumbe mwanzoni hakuna aliyechagua. Kamera zenyewe zilikuwa polepole. Mwaka wa 1838, Mfaransa Louis Daguerre alielekeza kamera yake dirishani, akapiga barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris. Barabara hiyo ilikuwa na pilikapilika kama stendi ya matatu, lakini kwenye picha iko tupu. Bamba lilihitaji mwanga wa dakika kadhaa, na watu na mikokoteni havikutulia muda huo wote. Aliyebaki akionekana vizuri ni mtu mmoja aliyesimama kusafishiwa viatu. Huyo hutajwa kama mmoja wa binadamu wa kwanza kuonekana kwenye picha. Aliingia kwenye historia kwa sababu hakusogea.

Wapigapicha wa mandhari walirithi tatizo hilo hilo. Mwaka wa 1861 Carleton Watkins alipanda bonde la Yosemite, California, na kamera ya mabamba ya kioo yenye ukubwa wa sentimita 46 kwa 56 hivi. Kioo kilipakwa dawa, kikapigwa picha kikiwa bado kibichi na kusafishwa papo hapo, kwenye hema la giza. Kwa kasi hiyo maji hayakuwa na namna nyingine ila kuwa kitambaa cheupe. Miaka kumi na moja baadaye Eadweard Muybridge alipiga maporomoko ya hapo hapo yakatoka kama mizimu. Ni huyu huyu ambaye mwaka 1878 aliweza kumsimamisha farasi akiwa mbioni, miguu yote hewani. Kwa hivyo ile hariri tunayoitafuta leo, wasee wa kamera, kwa filta za pesa nyingi, ilianza kama kasoro ya mashine. Macho yakaizoea, halafu yakaiita urembo.

Picha za Watkins zilifika mashariki mwa Marekani na kuwasaidia watu kuamini kwamba mahali kama pale pana thamani. Juni 1864, vita vikiendelea, Rais Lincoln alitia saini sheria ya kulihifadhi bonde hilo. Ni jambo jema. Lakini miaka kumi tu kabla ya Watkins, mwaka 1851, kikosi cha wanamgambo kilichoitwa Mariposa kiliingia bonde hilo hilo kuwafukuza Waahwahneechee, watu wa pale. Watazamaji wa mjini waliona pori safi lisilowahi kuguswa. Kumbe pori lenyewe lilikuwa limeondolewa wenyewe kwanza.

Hapo nikakumbuka kwetu.

Ukitoka Mai Mahiu unapanda matatu hadi Naivasha, Gilgil, Ol Kalou, mpaka Nyahururu. Pale mto Ewaso Narok unaanguka mita 74. Vibao bado vinaandika Thomson's Falls. Joseph Thomson alikuwa Mskoti wa miaka 25, aliyetumwa mwaka 1883 na Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya London kutafuta njia ya kupita nchi ya Wamaasai. Alipoyaona maporomoko akayapa jina la babake, ambaye hakuwahi kuyaona. Milima ya Nyandarua akaiita Aberdare, jina la rais wa jumuiya iliyomtuma. Hata swala mdogo wa nyikani alibaki na jina lake: swala tomi. Zaidi ya wapagazi 100 kutoka Zanzibar na pwani walimbebea mizigo safari nzima, na hakuna jiwe lililopewa jina la hata mmoja wao.

Jina la mto ni la Kimaa. Narok maana yake ni nyeusi. Naivasha na Nakuru pia ni majina yaliyotoka kwa Wamaasai. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliwafanyia mkataba wa kuwaondoa Bonde la Ufa, karibu na reli, ili walowezi wapate ardhi. Baadhi walipelekwa kusini, wengine Laikipia, na mkataba ukasema utadumu muda wote Wamaasai watakapokuwepo kama kabila. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine: wa Laikipia nao wahame waende kusini. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 kesi ikatupwa. Majaji walisema mkataba kati ya Wamaasai na serikali ya Uingereza ni kama wa mataifa mawili, hivyo si kazi ya korti. Yaani walipopoteza ardhi walihesabiwa raia wa kuhamishwa, na walipodai haki wakageuzwa taifa la kigeni.

Kwa hivyo pale Nyahururu nilipoifungua shata sekunde 30 nikangoja watu wafutike, sikuwa nimebuni kitu. Nilikuwa nafuata desturi nzee.

Lakini shosho hakuwa akiuliza kuhusu mwaka 1911.

Mai Mahiu ni Kikuyu, maana yake maji moto. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, mvua ikiwa imenyesha wiki kadhaa, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli kule Old Kijabe, kwa sababu njia ya maji iliyopita chini ya tuta ilikuwa imeziba kwa takataka na miti. Tuta liliposhindwa, maji yalishuka na matope, mawe na magari, yakapita juu ya nyumba watu wakiwa wamelala. Makumi ya watu walikufa. Mmoja wao alikuwa mama aliyekuwa chama kimoja na shosho. Walikuwa wakikaa benchi moja kila Alhamisi. Asubuhi ile niliteremka na kamera begini. Sikuitoa. Niliona mtu akichimba matope kwa sufuria nikaenda kumsaidia.

Leo ukipita pale nyasi zimeota kati ya mawe. Jua la saa kumi na moja jioni likilalia, ni mandhari tamu sana. Wageni wanaosimama juu ya ukingo wa bonde kupiga picha huvuta lenzi hadi Longonot, na mji wetu unabaki nje ya fremu. Siwalaumu. Nami nimeipiga picha hiyo hiyo mara mia.

Basi nilirudi Nyahururu. Kama wewe pia unajifunza, haya ndiyo niliyobadilisha. Nilienda siku ya mawingu, maana jua kali huyaunguza maji yakabaki doa jeupe lisilo na kitu ndani. Filta nyeusi niliiacha nyumbani. Niliweka ISO 100 na shata 1/8 ya sekunde: maji yanaonyesha kwamba yanakimbia, lakini bado unayaona nyuzi na uzito wake, na mtu aliyetulia anabaki mtu. Halafu nikaweka mtu kwenye fremu. Hata kwa ufundi tu ni jambo la maana, maana mita 74 bila binadamu wa kulinganisha huonekana kama kijito cha nyuma ya nyumba.

Kulikuwa na mama pale kwenye kizuizi, mtoto mgongoni. Nilimsalimia, nikamwomba ruhusa, akakubali kwa sharti nimtumie picha. Akaufikisha mkono nyuma akamshika mtoto, akayatazama maji. Nikabonyeza.

Shosho aliiangalia hiyo kwa muda. Hakusema kama ni nzuri. Alisema, "Huyu amemshika mtoto vizuri," kisha akanirudishia simu, akaendelea na viazi.